Jibini Lenye Msalaba

Habari ya kifo cha Blandina ilinikuta uani kwangu Mwembesongo nikimenya vitunguu swaumu, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Nilijisemea moyoni: haya, sasa nimebaki mimi. Kana kwamba miaka yote hiyo tulikuwa tunashindana mbio, na yeye ndiye aliyekata pumzi kwanza. Binti yangu, aliyenisomea ujumbe ule kwenye simu, akaniangalia akauliza, "Mama, ulikuwa unamfahamu?" Nikamjibu kwamba nilifanya naye kazi mwaka mmoja, zamani, kabla yeye hajazaliwa. "Mwaka mmoja tu? Mbona macho yamekuiva hivyo?" Nikamwambia ni moshi, anipishe. Hapakuwa na moshi wowote, jiko lilikuwa bado halijawashwa.

Wenzangu wakisimulia maisha yao huanza na baba, mama na shamba la babu. Mimi hayo nayaruka. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba mtu unaweza kumjua kwa yule aliyemwonea wivu, na mimi katika maisha yangu nimemwonea wivu mtu mmoja, lakini huyo mmoja nilimwonea kisawasawa. Sizungumzii ule wivu wa kuona jirani kanunua kochi jipya ukanuna siku mbili. Nasema wivu wa kukunyima usingizi, wa kukufanya umhesabie mwenzio matonge. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeajiriwa kwa Mama Mkude, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele aliyekuwa na nyumba ya wageni pale mjini chini ya mlima. Wageni wake walikuwa watu wa kupanda Uluguru: wanakwenda asubuhi wanarudi jioni, au wanalala huko juu kwenye mahema siku mbili tatu. Kazi yetu jikoni ilikuwa kuwafungia chakula, na wengine wetu kukibeba na kwenda nao.

Jiko lile lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mawili, moja linatazama mlima na jingine linatazama choo. Mama Mkude alikuwa akituambia, "Tazameni la mlima, wasichana wangu. La choo mtalitazama tu mkishikwa." Humo ndimo nilipoonja jibini mara ya kwanza. Lilitoka Mgeta, kwa masista wa misheni moja waliofuga mbuzi wa maziwa, likateremka na magari ya kabichi. Mama Mkude alinikatia kipande chembamba, akakiweka juu ya tunda la fyulisi lililokatwa nusu, akasema, "Kula, usiulize." Nilikula, na tangu siku ile nilielewa kwa nini wageni walikuwa radhi kusahau sweta zao lakini siyo jibini. Tatizo lilikuwa moja. Jibini likitoka kwenye baridi ya Mgeta likaingia kwenye joto la Morogoro, likapanda tena mlima ndani ya kikapu, siku ya pili linatoa jasho, siku ya tatu linanuka soksi. Tulilitia kwenye deli la barafu. Barafu ikayeyuka, jibini likaogelea, likawa na utelezi kama sabuni iliyosahauliwa bafuni. Tulilifunga kwenye mifuko ya nailoni, likaota ukungu wa kijani. Mama Mkude alikuwa akilia, machozi ya kweli, akilitupa.

Ndipo akaja Blandina. Alikuwa binti wa huko huko Mgeta, mrefu, mpole, anaongea Kiswahili cha kupanda na kushuka kama njia za kwao. Siku ya kwanza alikuta tunatupa jibini, akaliokota kutoka kwenye ndoo ya taka, akalinusa, akasema taratibu, "Mmelinyima hewa." Basi. Wiki hiyo hiyo akaanza mambo yake. Alichukua kitambaa cha marekani, akakichemsha, akakichovya kwenye maji ya chumvi yenye siki kidogo, akakikamua, akalifunga jibini zima bila kulikata. Halikatwi, alisema, mpaka watu wameshakaa kula, na linakatwa la kutosha midomo iliyopo. Akaliweka kwenye chungu kidogo, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi. Mle ndani ukitia mkono ulidhani umeutia kisimani. Mama Mkude alitia mkono, akautoa, akautazama, kisha akamkumbatia Blandina mbele yetu sote. Mimi nilikuwa pale miezi mitano kabla yake na sijawahi kukumbatiwa.

Nitasema ukweli, maana kama si sasa ni lini: Blandina hakunifanyia ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtu mbaya ungemchukia ukapumua. Yeye ulipofika mwezi wa Ramadhani, ambapo mimi nilikuwa Mwislamu peke yangu katika nyumba ile, alijifunza kupika uji wa futari ili nisihangaike na moto nikiwa na njaa. Nikitoka kuswali naukuta mezani, umefunikwa sahani, una pilipili manga na tangawizi kidogo. Ulikuwa mtamu kuliko wangu! Fikiria, Mkatoliki wa mlimani ananishinda uji wa futari. Niliunywa mpaka tone la mwisho huku roho ikiniuma, na nilipomaliza nilimwambia, "Sukari imezidi." Akasema, "Kesho nitapunguza, dada." Kesho yake kweli akapunguza, na ukawa mtamu zaidi.

Kiangazi kilipoanza nilisikia maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Nilikuwa stoo natafuta mchele, na ukuta kati ya stoo na sebule ya Mama Mkude ulikuwa wa mbao. Dada yake alikuwa amemtembelea, wanakunywa chai, nikasikia vijiko. Mama Mkude alikuwa akisema kwamba magoti yake yamekataa mlima, kwamba anataka kumkabidhi msichana mmoja jiko lote la safari, awe ndiye mkuu wake, na wengine wawe chini yake. Dada yake akauliza yupi. Mtu akafyonza chai. Kisha Mama Mkude akasema, "Wamebaki wawili tu wa kuwafikiria. Zena ana mdomo, wageni wanampenda, anawachekesha. Blandina ana mikono." Dada yake akasema, "Jiko linahitaji mikono." Mama Mkude akajibu, "Nitawaona kwenye safari ya walimu." Zena ndiye mimi. Nilitoka stoo bila mchele.

Jiko lile nililitaka kama sijawahi kutaka kitu. Si kwa ukubwa wake. Nilitaka siku moja Mama Mkude aseme mbele ya watu, "Huyu ndiye." Nikaanza vita ya kipuuzi. Nilinunua kanga yenye maneno HASIDI HANA SABABU, nikaivaa jikoni siku tatu mfululizo, nikipita mbele ya Blandina nimemgeuzia mgongo ili ayasome vizuri. Siku ya tatu akaniita. Nikasema moyoni, haya, leo limempata. Akasema, "Zena, kanga yako nzuri kweli. Rangi haichuji?" Hasidi katika chumba kile alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeivaa.

Safari ya walimu ilikuwa ya siku tatu. Walimu saba wa chuo, wenye miwani na daftari za kuandikia majina ya maua, walitaka kuvuka mlima: kupandia Mgeta, kulala juu, kukatiza uwanda wa Lukwangule wenye upepo na ubaridi, halafu kuteremkia upande wa Matombo ambako joto linakupokea kama limekusubiri. Mama Mkude angezunguka na gari na kutungoja huko chini kando ya mto, na mikate na sufuria zake, na pale ndipo jibini lingeliwa. Alituagiza tukachukue majibini mawili kwa masista, kila mmoja abebe moja. "Nataka yafike mazima," alisema, akatutazama sote wawili, na mimi pekee nilijua alichokuwa akikitazama.

Chumba cha jibini cha masista kilikuwa nusu kimechimbwa ndani ya ardhi, rafu za mbao kuta zote, harufu ya maziwa na chokaa. Sista mzee alitoa majibini mawili kutoka rafu mbili tofauti. Akamnong'oneza Blandina kitu kwa Kiluguru cha haraka, cha kule kwao, na Kiluguru changu mimi ni cha mjini, kinatosha salamu na matusi. Blandina akacheka, akayapima mikononi, akanipa moja, yeye akachukua la pili. Nje niliyageuza chini juu. Langu lilikuwa limechorwa mistari miwili kwa kisu. La Blandina lilikuwa limechorwa msalaba. Damu ikanipanda kichwani. Nikasema: ndiyo hivyo! Kumbe siri siyo vitambaa wala vyungu. Masista wanampa mwenzao lililobarikiwa, mimi Zena wa Mwembesongo napewa makombo ya rafuni. Miezi yote ile alikuwa ananishinda kwa upendeleo, na huku namsifu mikono! Mkinicheka nawaelewa, lakini siku ile hakuna mtu angenitoa imani hiyo hata kwa nyundo.

Tukaanza kupanda, walimu mbele, sisi na wapagazi nyuma. Blandina alifunga jibini lake kwenye marekani mbichi, akaliweka kwenye kikapu, kikapu kichwani. Mimi langu nililifunga kwenye kipande nilichochana kutoka kwenye kanga yangu, nikalitia mgongoni ndani ya begi. Akaniambia, "Dada, mgongo una moto. Kichwani kuna upepo." Nikamwambia kila mtu ana kichwa chake. Tulipofika kijito cha kwanza akashusha kikapu, akaita, "Zena, maji!" Nikapita. Nilidhani ananituma. Msichana niliyemtangulia miezi mitano kazini anisimamishe mbele ya wapagazi nimchotee maji! Kijito cha pili, "Zena, maji!" Nikaongeza mwendo. Cha tatu vilevile, na mpagazi mmoja akaanza kuniigiza, "Zena, maji, Zena, maji," wakacheka wote mstari mzima. Yeye Blandina kila mahali alikuwa akiinama, anafanya kitu na kikapu chake, kisha anatufikia mbio. Sikugeuka hata mara moja kuona anafanya nini.

Alasiri ile tulisimamisha mahema chini ya miti yenye ndevu za ukungu. Blandina akaenda na wapagazi kutafuta kuni. Vikapu na mabegi vilikuwa chini ya turubai, na mimi nilikuwa peke yangu namenya viazi. Sikufikiri sana, na siwezi kusingizia shetani. Niliweka kisu chini, nikafungua vifungo vyote viwili, nikabadilisha. La msalaba likaingia kwenye kanga yangu, la mistari miwili likaingia kwenye marekani yake. Ili nisikose kabisa, la kwangu nikalizungushia na mfuko wa nailoni, nikaufunga kamba mbili. Walimu walisifu viazi jioni ile. Niliwachekesha sana, mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe.

Siku ya pili, huko juu kwenye uwanda, ubaridi ulikuwa wa kukata masikio, nikajisifu kwamba hata bila vitambaa vya watu jibini langu limo kwenye friji ya Mungu. Nilisahau kwamba mimi mwenyewe nilikuwa jiko, napanda na kutoka jasho nimelibeba mgongoni. Adhuhuri tulipumzika karibu na kisima kidogo kati ya majani marefu. Blandina hakuita. Alikwenda peke yake na kikapu. Nikamfuata kwa mbali, nikachutama nyuma ya nyasi kubwa zenye vishada, nikachungulia. Alifungua marekani. Akalishika jibini, na kabla hata hajaligeuza nikaona mikono yake imesimama. Akaligeuza, akatazama mistari miwili. Nikangoja apige kelele, aniite mwizi mbele ya walimu. Nilikuwa nimeshaandaa majibu matatu. Hakupiga kelele. Alichovya kitambaa kisimani, akakikamua, akanyunyiza chumvi kidogo kutoka kwenye pindo la kanga yake, akalifunga lile jibini langu vizuri, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kisha akalipandisha kichwani na kurudi. Nikawahi kurudi njiani, na aliponipita alisema tu, "Twende, dada. Wanatungoja."

Kwa nini hakusema? Nimeuliza swali hilo kwa miaka mingi kuliko umri aliokuwa nao siku ile. Wakati ule jibu langu lilikuwa moja: anajiamini, anajua hata lisilobarikiwa litamtii, yule mchawi. Ndiyo, nililitumia neno hilo, kichwani mwangu na baadaye mdomoni, na watu walinisikia.

Siku ya tatu tuliteremka kwenye joto. Mama Mkude alikuwa kando ya mto, ametandika mkeka, mikate imekatwa, fyulisi zimeoshwa. Walimu wakakaa. Mama Mkude akasema, "Haya, wasichana wangu, nionyesheni." Nilijitanguliza. Nilifungua kamba mbili, nikafungua nailoni, na kabla sijafika kwenye kanga harufu ilikuwa imeshafika kwa walimu. Mmoja alivua miwani. Jibini lilikuwa limetepeta, limetoa maji ya njano, kidole changu kilizama ndani yake mpaka kwenye kucha. Mama Mkude akamgeukia Blandina. Marekani ilifunguka, na ndani yake jibini lilikuwa kavu, imara, baridi kama jiwe la mtoni. Watu wakapiga makofi. Blandina akachukua kisu, akakata kipande cha kwanza, na badala ya kumpa mgeni wala Mama Mkude, akaninyooshea mimi. "Onja," alisema. Macho yake hayakuwa na hasira, na mimi niliitafuta ile hasira kama mtu anayetafuta sindano. Nilichukua kile kipande, nikakitupa mtoni. Mbele ya wote.

Basi, nani alikabidhiwa jiko, hilo halihitaji kusemwa. Mama Mkude alinyanyua mkono wa Blandina pale pale akasema, "Huyu ndiye," maneno yale yale niliyokuwa nimeyangoja mwaka mzima. Sikumaliza wiki, nikarudi Mwembesongo. Nikapika chakula cha wasafiri pale stendi ya Msamvu, nikajenga, nikazaa, nikazika mume, na pilau yangu inajulikana na madereva wa mikoa mitatu, kwa hiyo msidhani niliharibikiwa. Lakini nilisikia habari zake. Mama Mkude alipofariki, Blandina alirudi Mgeta akaanza kutengeneza jibini lake mwenyewe. Likaletwa mjini kwenye duka moja nililokuwa nikipita. Nilikuwa naingia, naomba kuliona, nalibonyeza kidole huku nikiomba lizame, halizami, nalirudisha kwenye rafu. Muuza duka mwishowe aliniuliza, "Mama, wewe hununui, unalipima homa?" Miaka yote hiyo sikupanda kwenda kumsalimia. Alinitumia salamu mara mbili na watu wa kabichi. Mara zote mbili nilisema, "Zimefika," basi.

Na sasa amekufa. Nilipanda Mgeta kwa mazishi, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuhakikisha. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake nisiowajua, nikajitambulisha kama mtu wa mjini aliyefanya kazi na marehemu zamani. Kaburi lilipokuwa linangoja, wakaingia watani wa ukoo wake, maana huku mtani ana haki yake msibani, na anachosema mtani hakuna wa kukasirika. Mwanamke mmoja mfupi alikuwa amevaa gauni la marehemu na mabuti yake ya mvua, kikapu kichwani, anatembea kwa ile miguu mirefu ya Blandina ingawa yake ilikuwa mifupi. Kwa kweli alikuwa ni yeye. "Mnanizika na jibini liko rafuni!" alipiga kelele. "Nani atalinywesha? Nyinyi wavivu? Hamfukii mtu hapa mpaka nipewe jogoo!" Watu wakaanza kucheka na machozi yakiwa mashavuni. Akashusha kikapu, akachovya mkono kwenye ndoo, akawanyunyizia waombolezaji safu kwa safu, akiimba kwa sauti ya Blandina ile ya kupanda na kushuka: "Zena, maji! Zena, maji!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, wazee kwa watoto, na watoto wakaitikia, "Zena, maji!" Tone moja la maji likanipata hapa, juu ya jicho. Nilihisi kama nimepigwa kofi.

Nikamuuliza mama wa pembeni yangu kwa sauti isiyokuwa yangu, ndiyo nini hiyo. Akajifuta macho. "Aa, huo ni msemo wa nyumba hii. Mtoto akiwa mkaidi, ukimwambia jambo la kumfaa hasikii, marehemu alikuwa anamwambia, 'Zena, maji!' Siku hizi kijiji kizima tunasema hivyo." Nikamuuliza huyo Zena alikuwa nani. Akafikiri. "Sijui. Nadhani alikuwa mbuzi."

Baada ya mazishi Yustina, binti wa Blandina, aliniona nimesimama mlangoni pa chumba cha jibini. Ana mikono ya mama yake. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Pole sana." Akanikaribisha ndani. Chumba kilikuwa nusu kimechimbwa ardhini, rafu za mbao, harufu ile ile, na juu ya kila jibini kitambaa kibichi. Nilichukua moja nikaligeuza, mazoea ya mwizi. Msalaba. Nikauliza, "Haya ndiyo mazuri, siyo? Ya msalaba. Yaliyobarikiwa." Yustina akacheka kidogo, kwa adabu. "Hapana, mama. Hilo ni changa. Msalaba ni alama ya masista wa zamani, mama aliifuata: hili halijakomaa, liliwe haraka, lisisafirishwe. Kusafiri ni haya ya mistari miwili. Haya hata ukiyasahau kidogo yanakusamehe."

Nilikaa juu ya ndoo. Yule sista mzee alikuwa amebakiwa na moja tu lililokomaa. Ndilo alilolisema kwa kunong'ona, na Blandina aliyapima yote mawili mikononi, akanipa mimi lile la kusamehe, akabeba yeye lile gumu kulitunza. Kwa sababu aliniona sijui. Ningetulia tu na la kwangu, lingefika hata na ukaidi wangu wote. Nililiiba tatizo lake nikamwachia zawadi aliyonipa, na yeye aliigeuza, akaiona, akainywesha maji mpaka Matombo. "Mama yako," nikasema, "aliwahi kuwasimulia kuhusu safari moja, kuhusu majibini mawili?" Yustina akatikisa kichwa. Alijua tu kwamba Zena alikuwa mwenzake wa kazi, hodari wa kupika, mcheshi, aliyekataa kusimama mtoni. "Alikuwa anasema, hamjala viazi vya Zena nyie." Kuhusu kubadilisha hakuwahi kusema neno, hata kwa mtoto wake. Na mnajua nilihisi nini, hapo nimekaa kwenye ndoo, na kaburi bado bichi? Wivu. Wa moto, mpya kabisa. Hata kunyamaza amenishinda. "Yustina," nikasema, "Zena hakuwa mbuzi."

Yustina akaweka kiganja mdomoni, akacheka, akalia, akaniamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza nafika. Akaenda rafu ya mwisho, akachagua, akalifunga kwenye marekani mbichi akaniwekea mikononi. Sikuhitaji kuligeuza, lakini nililigeuza. Mistari miwili.

Nilirudi kwenye Kanta, lori dogo la kabichi, nimekaa mbele na dereva, kijana wa watu, muziki juu. Nililiweka jibini miguuni, moto wa injini ukanipanda kwenye nyayo, nikalitoa nikalipakata. Mapaja nayo yana moto. Mwishowe nikalipandisha kichwani, nimelishika kwa mkono, upepo wa dirishani unalipiga, na dereva akawa ananitazama kwa jicho la pembeni. Tulipofika mto wa kwanza nikasema, "Simama, mwanangu." Akauliza kama naumwa. "Simama nimekwambia." Nikateremka na magoti yangu haya, nikachovya kitambaa, nikakikamua, nikalifunga. Mto wa pili tena. Wa tatu akapiga honi, nikamwacha apige. Wa nne alisimama mwenyewe bila kuambiwa, akasema, "Haya, bibi, maji."

Nilipolifungua jikoni kwangu lilikuwa baridi na imara, kidole hakizami. Nikakata kipande cha kwanza, nikakishika hewani, na hapakuwa na mtu wa kumnyooshea. Binti yangu aliingia akanikuta hivyo, mashavu yamelowa. Akaniuliza kama ni moshi. Nikamwambia siyo.